Sura ya Saba: Kwata Iliyovuka Mpaka

Mokambo leo ni mji wa malori na magunia. Ng'ambo kuna Mufulira, mji wa mgodi wa shaba upande wa Zambia. Huku ni Katanga, upande wa Kongo, na katikati kuna kizuizi, ofisi za forodha na foleni ya magari. Kila mzigo unaopita hapa una karatasi zake. Kitu kimoja kilipita bila karatasi katika miaka ya mwanzo ya migodi, nacho ni kwata: ile namna ya kijeshi ya kusimama, kugeuka na kutembea watu wengi kwa hatua moja. Kilibebwa na wanaume waliokuwa wakitafuta kazi, na hakuna afisa wa mpaka aliyeweza kuwavua.

Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikipitia Sakania. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa 1906, ilikuwa na shida kubwa ya watu. Wenyeji wa Katanga hawakutosha, na wengi wao hawakuwa na haraka ya kuingia shimoni, hivyo mawakala wa kampuni ya Robert Williams wakawa wanaandikisha vibarua Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Wengine wakaja kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, walikuwemo humo watu waliopitia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ama wakiwa askari, ama wapagazi. Walishaijua kambi na filimbi zake za alfajiri. Wengi walishaijua pia ngoma iliyozaliwa kambini na kuchezwa nje ya kambi.

Pwani waliiita beni. Ilianza Mombasa na Lamu miaka ya 1890, mitaa ikishindana kwa tarumbeta, sare na maandamano, kila upande ukitaka kuumbua mwingine. Vita viliibeba hadi bara. Tanganyika iligawanyika kati ya Marini na Arinoti; Nyasaland na kwenye migodi ya shaba ikaitwa mbeni, na Élisabethville ilikuwa na vyama vyake vya mbeni. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo yote katika kitabu alichochapisha 1975, na mtu akikisoma huona jinsi ngoma moja ilivyoweza kumfikia mvuvi wa Lamu na mchimbaji wa shaba, kila mmoja akiamini ni ya kwao.

Wachezaji walijipanga mistari. Sare walizigharimia wenyewe. Walipeana vyeo: Kingi, Gavana, Jenerali, Daktari. Walitoa ada, na mwanachama akiugua au akifiwa, chama kilimsimamia. Wazungu wengi walioitazama walicheka, wakadhani wanaigwa kitoto. Wachache walioingiwa na wasiwasi, kwa maoni yangu, ndio waliokuwa na macho.

Wasiwasi wao ulipata sababu Mei 1935. Serikali ya Rhodesia ya Kaskazini ilipandisha kodi ya kichwa kwa wafanyakazi wa migodini, na habari ilipofika Mufulira, wachimbaji wakagoma tarehe 22. Mgomo ukahamia Nkana, kisha Luanshya, ambako tarehe 29 polisi walifyatua risasi na kuua watu sita. Hapakuwa na chama cha wafanyakazi wala ofisi ya kuandaa mgomo, ila habari zilisafiri kati ya miji ya migodi upesi na kwa utaratibu. Tume ya uchunguzi ikataka kujua nani aliyezibeba, na miongoni mwa majina yaliyotajwa ni mbeni. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu uzito wake katika mgomo ule. Hata hivyo, serikali ilijikuta inahoji watu kuhusu vyeo vya ngoma.

Ngoma ya kuiga jeshi inawezaje kutia serikali hofu? Jibu liko katika namna kwata inavyoujenga mwili wa mtu, na hilo tulitazame kwa karibu, kwenye vumbi la uwanja wa depo.

Somo la kwanza la kuruta ni kusimama. Humchekesha, maana amesimama tangu ana mwaka mmoja. Visigino vigusane, vidole vya miguu vifunguke kidogo, magoti yasikazwe, mabega yashuke, kidevu kisipande wala kisilale, ngumi zikae kwenye mshono wa suruali. Dakika kumi baadaye hacheki. Sajenti anapita nyuma ya mstari bila haraka na kusimama nyuma ya kijana mmoja.

"Wewe kuruta, umekaza magoti."

"Hapana, afande!"

"Utaanguka."

Na kweli huanguka, yeye au mwenzake. Mtu anaposimama bila kutikisika, damu huvutwa chini na kukaa miguuni. Kwa kawaida misuli ya mashavu ya miguu ndiyo huisukuma irudi juu kila tunapopiga hatua. Misuli hiyo ikilala, moyo hupata damu kidogo, ubongo nao hupungukiwa, na mwili hujitibu wenyewe kwa kujilaza chini. Jua na tumbo tupu huharakisha mambo. Ndiyo sababu askari wa zamani, ambaye ukimtazama unaona sanamu, ndani ya buti anachezesha vidole, anahamisha uzito kwenda mbele kidogo na kurudi, anakaza na kulegeza mashavu ya miguu. Utulivu wake ni kazi isiyoonekana. Kabla ya gwaride refu wakongwe huwahimiza vijana wanywe chai na kula mkate, na ushauri huo umeokoa sherehe nyingi kuliko amri yoyote.

Baada ya kusimama huja kugeuka, kwanza kwa namba, vipande vipande. Moja: zunguka juu ya kisigino cha kulia na kidole cha kushoto. Nafasi. Mbili: leta mguu wa nyuma, ushuke. Ni kazi ya kuchosha, na inachosha makusudi, kwa sababu inagawanya tendo ambalo kila mtu hulifanya kwa namna yake hadi sehemu ndogo ambazo watu wote wanaweza kuzifanya sawa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo watazamaji wengi hulielewa kinyume. Tunadhani gwaride zuri ni utii wa haraka: mkubwa anasema, wadogo wanatenda. Lakini utii huchelewa daima. Sikio likishasikia, mwili huhitaji karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kuanza kujibu, na muda huo hautoshani kati ya mtu na mtu. Askari mia wakisubiri kwanza wasikie neno ndipo wageuke, visigino vyao vitalia kama mahindi yanayomwagwa kwenye sinia. Kwa hiyo amri imekatwa vipande viwili. "Nyuma..." huvutwa, ikimwambia kila mtu kitakachokuja. Kisha kimya kilichopimwa. Kisha "...geuka!" Sehemu ya pili haimpi askari habari yoyote mpya, inamkuta tayari ameanza. Watafiti wanaowapa watu kazi ya kugonga kidole kwa kufuata mlio wa saa wameona jambo hilohilo: watu hugonga kabla ya mlio, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, bila kujua. Hatufuati mdundo. Tunautarajia.

Bendi inaongeza tatizo lake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, ambao majeshi mengi huutumia, kila hatua huchukua nusu sekunde. Askari aliye mita 85 nyuma ya ngoma kubwa husikia pigo likiwa limechelewa robo sekunde, yaani nusu hatua nzima. Akiliamini sikio lake, mguu wake utakuwa hewani wakati wa wenzake wa mbele umeshagusa chini. Kikosi kirefu kisicho na mazoezi hutembea kwa mawimbi kwa sababu hiyo, na mtazamaji husema wale wa nyuma wavivu, kumbe ndio wanaosikiliza kwa uaminifu kuliko wote! Walio nyuma hufundishwa kuiacha ngoma na kushika miguu ya waliotangulia. (Mtazamaji wa jukwaa la mbali naye hudanganywa na umbali huohuo; mimi siku hizi nikitazama gwaride la mbali huziba masikio kwanza ndipo nihukumu.)

Mstari nao haushikwi kwa kugeuza shingo. Kichwa kinatazama mbele. Jicho la pembeni ndilo linalompima mwenzio, na kiwiko kinajua nafasi yake. Kazi ngumu kabisa ni kuuzungusha mstari ulionyooka bila kuupinda. Chukua watu kumi bega kwa bega, nafasi ya sentimita 75 kati ya mtu na mtu, wazunguke robo duara. Wa ndani anapiga mguu palepale alipo. Wa nje kabisa, katika muda uleule, anatembea karibu mita kumi na nusu, sawa na hatua kumi na nne za kawaida. Kati yao kila mtu ana urefu wa hatua wake peke yake, na hakuna amri inayoweza kumtajia. Anaupata kwa kumhisi aliye kushoto na aliye kulia.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni magwaride yasiyo na amri kabisa. Jeshi la Marine la Marekani lina kikosi cha watu 24 kilichoanza kuonyesha gwaride la kimya mjini Washington mwaka 1948. Wanazungusha bunduki zenye singe, kila moja ikikaribia kilo tano, wanarushiana, hakuna anayesema neno. Kwetu, aliyewahi kutazama sherehe za kitaifa Tanzania anajua uwanja unavyotulia linapoingia gwaride la kimyakimya, kisha watu wanavyopiga vigelegele mstari unapofunguka na kujifunga bila mtu kuitwa. Hakuna uchawi. Wanahesabu moyoni, na visigino vya wenzao ndivyo saa yao. Mmoja akikosea, kanuni ni kuendelea. Akisimama ajirekebishe, anawaharibia wote waliomtarajia. Mkufunzi amekuwepo miezi yote ya mazoezi, akigombeza, akirudisha watu mwanzo, akiwakeshesha juu ya buti hadi pua ya kiatu ioneshe uso. Siku yenyewe hana kazi.

Kwa hiyo kwata inamfunga askari kwa nani? Wakubwa wa majeshi wamejibu kwa karne nne: kwa mkubwa wake. Mimi naona inamfunga zaidi kwa aliye kiwiko kwa kiwiko naye. William McNeill, mwanahistoria Mmarekani aliyeandikishwa jeshini 1941 na kupigishwa kwata Texas, alishangaa kwamba kazi ile ya kipuuzi ilimfurahisha, na baada ya nusu karne, mwaka 1995, aliandika kitabu kizima kueleza furaha hiyo: watu wanaotikisika pamoja kwa muda mrefu huanza kuhisi wamekuwa kitu kimoja kikubwa. Alidai kuwa ngoma na kwata vinatoka chimbuko moja. Mcheza ngoma wa huku angemjibu kwamba hilo halikuhitaji kitabu.

Mwanzoni, bila shaka, lengo lilikuwa bunduki. Mwishoni mwa karne ya 16 Maurice wa Nassau, kamanda wa Waholanzi, na jamaa zake walikuwa na silaha za kujaza kwa mdomo wa mtutu, za polepole na hatari kwa mwenye nazo. Mmoja wa jamaa hao, Willem Lodewijk, alimwandikia Maurice mwaka 1594 akipendekeza safu ya mbele ifyatue, igeuke irudi nyuma kujaza, na ya pili iwe imeshafika mbele. Mwaka 1607 Jacob de Gheyn akachapisha kitabu cha picha kinachogawa kazi ya kujaza na kufyatua bunduki katika vitendo zaidi ya 40, kila kimoja na picha yake. Kugeuka kwa namba kwa kuruta wa leo kunatoka huko. Mahali pote kwata ilipofika na wakoloni, ilifika kwanza ikiwa njia ya kuua kwa pamoja.

Katanga inalijua hilo. Force Publique, jeshi lililoanzishwa 1885 kwa ajili ya dola ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo, lilisifiwa kwa nidhamu yake. Liliingia Tabora Septemba 1916, likapigana Ethiopia 1941. Desemba ya mwaka huohuo wa 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na tarehe 9 wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Askari walifyatua. Makumi ya watu walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyekuwa akisema kwa niaba yao. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyeichora historia ya nchi miaka ya 1970, aliwachora pia mashujaa wale wa Union Minière. Katika picha za wachoraji wa mji huu, askari wa kikoloni hupangwa kwa mistari iliyonyooka, wakifanana. Raia ndio hupewa kila mmoja mkao wake.

Jeshi hilohilo ndilo lililoonyesha, miaka 19 baada ya mgomo huo wa 1941, kwamba mstari ulionyooka hausemi chochote kuhusu moyo wa walio mstarini. Mnamo Juni 1960 Force Publique ilikuwa na askari wapatao 25,000, na hakuna hata ofisa mmoja aliyekuwa Mkongo. Cheo cha juu ambacho mweusi aliweza kufikia kilikuwa adjudant. Tarehe 29, siku moja kabla ya uhuru, mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipitishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, ndani ya gari la wazi. Alikuwa amesimama akipiga saluti, raia mmoja aitwaye Ambroise Boimbo alipokimbia kando ya gari na kuuchomoa upanga wa mfalme. Picha ya tukio hilo imezunguka dunia. Siku sita baadaye, tarehe 5 Julai, Jenerali Émile Janssens, mkuu wa jeshi hilo, aliwakusanya askari wake weusi na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Maasi yalianza usiku huo Thysville. Kufikia tarehe 9 yalikuwa yameingia kambi Massart, Élisabethville, na tarehe 11 kiongozi wa jimbo hilo, Moïse Tshombe, akatangaza kujitenga kwa Katanga. Serikali ya waziri mkuu Lumumba ilimtafuta mkuu mpya wa jeshi na kumkuta Katanga: Victor Lundula, aliyekuwa meya wa Jadotville, Likasi ya leo, na aliyewahi kuwa sajenti wa tiba wakati wa vita.

Janssens alifanya kosa la kila mpenda gwaride anayelitazama akiwa jukwaani. Aliona watu 25,000 wanaomtii. Uwanjani walikuwepo watu 25,000 waliozoeana kwa miaka, wanaojua pumzi ya jirani, wenye lugha yao ya kambi, Kilingala, na yeye hakuwemo ndani ya mazoea hayo. Kamba aliyoisokota mwenyewe haikufungwa kwake.

Mbeni iliitumia kamba hiyohiyo bila bunduki. Wale waliovuka mpaka kwenda na kurudi kati ya Katanga na migodi ya kusini walikuwa wamechukua mstari, sare, cheo na hesabu ya hatua, wakaacha risasi na posho ya mfalme. Walibaki na kikundi cha watu waliozoea kutarajiana, waliochangiana fedha, waliokuwa na wenzao katika kila mji wa mgodi. Kwa nini tume ya 1935 isiwaulize?

Mwaka 1951, Luanshya, mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell alikuta mjukuu wa mbeni, ngoma ya kalela, ikichezwa na vijana wa Kibisa siku za Jumapili na sikukuu. Andiko lake la 1956 ni moja ya maandiko yanayosomwa zaidi kuhusu Afrika ya mijini, kwa sababu ya swali lake la ukabila: vijana waliovaa kizungu wakiimba kwa Kibemba cha mjini kusifu kwao na kutania makabila mengine. Ngoma zao tatu kubwa zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta ya galoni 44 yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Wachezaji walivaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi, fulana safi na viatu vilivyong'arishwa, wakizizunguka ngoma mmoja nyuma ya mwenzake. Bunduki hazikuwepo hata za mbao. Kingi alikuwepo, kavaa suti na tai, lakini hatua na nyimbo ziliongozwa na wengine. Daktari alivaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani.

Mwanamke mmoja tu alikuwemo katika kundi, nesi, na kazi yake ilikuwa kupita kati ya wachezaji na kioo na leso. Jeshini kila gwaride hutanguliwa na ukaguzi: ofisa anapita mbele ya mstari, anatazama kola, kifungo, kucha, na askari hana ruhusa hata ya kumtazama usoni. Katika kalela ukaguzi ulifanyika katikati ya ngoma, hadharani, na mkaguzi alikuwa mchezaji mwenyewe. Anashikiwa kioo, anajitazama, anafuta jasho, anarudi mstarini bila kupoteza hatua.